Mitandao ya kijamii Kariakoo: Biashara ni matangazo, lakini daftari linasemaje?

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

NI saa nne asubuhi katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mteja kutoka mkoani, begi begani, amesimama mbele ya duka la nguo za watoto na kuuliza bei ya jumla ya magauni. Muuzaji, macho yakiwa kwenye simu, anamwonyesha kidole: subiri. Anamjibu mtu aliyeuliza bei chini ya picha aliyoitundika jana usiku. Anamjibu wa pili. Kabla hajamfikia wa tatu inapita video ya mpira, naye anaitazama hadi mwisho. Anapoinua uso, mteja amekwisha kuvuka mtaa.

Mwandishi wa makala haya alimfuata mteja huyo kwa macho. Alinunua dazeni 3 katika duka la pili, akalipa taslimu na kumwita mbeba mizigo. Wale waliouliza bei kwenye simu huenda walinunua, huenda hawakununua. Aliyekuwa dukani alinunua, ila kwa jirani.

Tukio hilo dogo ndilo kiini cha makala ya wiki hii. Hapana shaka kuwa mitandao ya kijamii imebadili biashara ya Kariakoo. Lakini wafanyabiashara wengi wanaisifu au kuilaumu bila kupiga hesabu. Mwenye maduka mawili hujua ni duka lipi linalomlipa. Kwa nini basi asijue kama simu yake inamlipa?

Kutoka mpiga debe hadi winga

Kariakoo haijawahi kuwa soko la watu wakimya. Kabla ya simu za mkononi kulikuwa na mpiga debe, kipaza sauti mlangoni, dalali anayekuchukua stendi na kukufikisha dukani, na tangazo la redio kwa mwenye uwezo. Simu za mkononi zilipoingia nchini katikati ya miaka ya 1990, zilikuwa za wakubwa wachache. Mwenye duka aliyetaka kumjulisha mteja wa Mbeya kuwa mzigo umefika alipiga simu ya mezani, aliandika barua, au alimpa ujumbe dereva wa basi.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na fedha zikaanza kusafiri bila mtu kusafiri. Instagram ilizinduliwa mwaka 2010, na picha ya bidhaa ikaanza kusafiri vilevile. WhatsApp ilitoa programu maalumu ya wafanyabiashara mwaka 2018, na baada ya muda mwenye duka aliweza kupanga humo bidhaa na bei zake kama rafu. Baadaye ikaja TikTok na video zake fupi. Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zinaonyesha kuwa laini zinazotumia intaneti nchini zimekwisha kupita milioni 40.

Hapo ndipo alipoimarika mtu anayejulikana leo Kariakoo kwa jina la winga. Winga hana fremu wala mzigo. Mtaji wake ni simu, bando na miguu. Anapita dukani asubuhi na kupiga picha viatu, mapazia au vyombo, kisha anaviweka kwenye ukurasa wake akiwa ameongeza cha juu. Akipata mteja anakuja kuchukua, analipa bei ya duka na kubaki na tofauti. Ni udalali ule ule wa zamani, isipokuwa stendi imehamia mkononi.

Upande wa faida

Tuanze na haki ya simu. Faida ya kwanza ni upana wa soko. Kwa miaka mingi Kariakoo imehudumia wanunuzi wa mikoani, Zambia, Kongo, Malawi, Burundi na Comoro. Zamani mnunuzi huyo alilazimika kuja, kulala gesti na kuzunguka siku mbili akiulizia bei. Leo anaona mzigo akiwa Songea au Lubumbashi, anatuma fedha, na mzigo unapanda basi au lori. Nauli na malazi aliyookoa anaweza kuyaongeza kwenye mzigo.

Faida ya pili ni mtaji mdogo wa kuanzia. Fremu ya Kariakoo inadai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na mara nyingi kilemba juu yake. Kijana aliyemaliza shule au mama mwenye mtoto mchanga hawezi kuanza hapo. Kwa simu anaweza kuanza na jozi 5 za viatu, au bila hata jozi moja.

Faida ya tatu ni kuwafikia wauzaji wa nje. China ilipofunga mipaka yake kwa wageni Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, na kuifungua tena Januari 2023, safari za Guangzhou zilikatika. Aliyekuwa na wakala wa kuaminika na mazoea ya kuagiza kwa WeChat au WhatsApp aliendelea kupata mzigo. Aliyezoea kwenda mwenyewe tu ilimbidi anunue kwa wenzake na kugawana nao faida.

Faida ya nne, ambayo wengi huisahau, ni kuhama na wateja. Moto ulipounguza jengo la Soko Kuu la Kariakoo Julai 10, 2021, wafanyabiashara walitawanyika. Oktoba mwaka huohuo wamachinga wakaondolewa kandokando ya barabara. Mwenye meza asiye na namba za wateja alipoteza meza na wateja kwa siku moja. Mwenye namba zao aliweza kuwaambia nipo mahali fulani, njooni.

Upande wa gharama

Sasa tugeuze ukurasa wa daftari. Gharama kubwa ya mitandao ni muda. Bando huonekana kwa sababu unalilipia, lakini saa unazokaa kwenye simu hazina risiti, kwa hiyo hakuna anayeziandika.

Tuchukue mfano wa mwenye duka la viatu vya watoto anayefanya kazi siku 26 kwa mwezi. Tarakimu hizi ni za kielelezo tu, kila mtu aweke za kwake.

Kwa mwezi anauza jozi 60 kupitia simu, na kila jozi inamwachia Sh 5,000. Hiyo ni Sh 300,000, na ndiyo hesabu anayoitaja akiulizwa kama mtandao unalipa.

Bando la Sh 1,000 kwa siku linafika Sh 26,000. Tangazo la kulipia linachukua Sh 60,000. Jozi 8 zinarudishwa kwa sababu namba ya kiatu haikumtosha mtoto. Bodaboda ya kwenda na kurudi, Sh 5,000 kila safari, inafanya Sh 40,000. Hadi hapo bado anabakiwa na Sh 174,000, na si haba.

Lakini mtu huyu anakaa kwenye simu saa 3 kwa siku akiwa dukani, yaani saa 78 kwa mwezi. Si zote ni za kazi: anaingia kujibu mteja, anatokea kwenye video za vichekesho. Tuseme kwa sababu hiyo anapoteza wateja 2 tu kwa siku, wa aina ya yule wa Mtaa wa Kongo, na kila mmoja angemwachia Sh 3,000. Kwa siku 26 ni Sh 156,000. Sh 174,000 zinageuka Sh 18,000.

Hapo ndipo penye mtego. Mauzo ya simu yanaonekana makubwa, na kila siku kuna shughuli, milio ya ujumbe na pongezi. Mwisho wa mwezi mtaji hauongezeki, na mwenye duka anasema biashara ni ngumu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa mtu huyohuyo abadili mambo matatu. Ajibu ujumbe kwa nyakati mbili maalumu, asubuhi kabla ya wateja kujaa na jioni. Wateja wanaopotea washuke kutoka 2 kwa siku hadi 13 kwa mwezi mzima, yaani Sh 39,000. Kabla ya kutuma kiatu amwombe mzazi apime mguu wa mtoto kwa sentimita, ili zinazorudi zishuke kutoka 8 hadi 3, yaani Sh 15,000. Na aandike kila mauzo yametoka wapi. Bando na tangazo vikibaki vilevile, gharama zote ni Sh 140,000, na anabakiwa na Sh 160,000. Simu ni ileile na wafuasi ni walewale. Kilichobadilika ni utaratibu.

Bei hadharani, faida nyembamba

Gharama ya pili haisababishwi na uzembe. Mtandao umefanya bei kuwa siri ngumu kuitunza. Ndiyo maana kurasa nyingi huandika bei njoo inboksi. Mwenye duka anaogopa jirani aone bei yake, naye winga anaogopa mteja aone bei ya duka. Hata hivyo mteja wa leo huuliza kurasa 5 kwa dakika 10 na kulinganisha.

Matokeo yake ni kwamba faida kwa kila kipande inapungua, na anayebaki ni yule anayezungusha mtaji haraka au anayeaminika zaidi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, ndivyo methali inavyosema, lakini mtandaoni chema na kibaya vyote vinajitembeza, kwa picha moja nzuri iliyochukuliwa kwingine. Kinachowatenganisha ni kama mzigo uliofika unafanana na picha. Kwa hiyo anayepiga picha ya bidhaa yake mwenyewe, dukani kwake, kwenye mwanga wa kawaida, anajenga sifa ambayo jirani hawezi kuinakili.

Matapeli wa pande zote

Gharama ya tatu ni utapeli. Mnunuzi hutuma fedha kwa ukurasa wenye picha za duka la mtu mwingine na kufungiwa mawasiliano. Muuzaji naye hupokea ujumbe wa muamala wa bandia, huukubali bila kuangalia salio na kutoa mzigo. Ni ndugu wa ile meseji inayojulikana na kila Mtanzania: ile pesa itume kwa namba hii.

Kinga zake si za ajabu. Angalia salio, usiangalie ujumbe. Tumia lipa namba yenye jina la biashara ili mteja alione jina kabla ya kuthibitisha. Namba ya tapeli inaweza kuripotiwa TCRA kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, na mwenye simu anaweza kupiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA.

Kwa wawekezaji wadogo hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu kinachoondoka ni akiba nzima. Mwaka 2009 serikali ilisimamisha DECI, mpango wa kupanda na kuvuna uliokusanya fedha za maelfu ya wananchi. Wakati ule habari zilisambaa makanisani, maofisini na mitaani. Mwaka 2025 ilikuja LBL, iliyoahidi kipato kwa watu wa kutazama matangazo kwenye simu, na polisi wakawakamata watu katika mikoa kadhaa. Mbinu ni ile ile ya upatu: aliyetangulia analipwa kwa fedha za aliyefuata. Tofauti ni kasi. Kinachohitaji miezi kutoka mdomo kwenda mdomo, WhatsApp hukimaliza kwa siku chache, tena kikiletwa na shangazi au rafiki wa shule.

Anayetaka kuwekeza kwa simu ana njia halali. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililofungua milango mwaka 1998, lina huduma ya Hisa Kiganjani, na mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS inafikika kwa simu vilevile. Kabla ya kutuma shilingi, uliza kama mpokeaji ana kibali cha Benki Kuu au cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Asiye na jibu hastahili fedha yako.

Uvumi na bei za soko

Makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara ni chombo kizuri cha habari. Humo mtu hujua meli imechelewa, barabara imekatika, au bei ya mchele imepanda Kyela. Lakini humohumo uvumi hupita ukivaa koti la habari. Sukari ilipoadimika mwanzoni mwa mwaka 2024, na dola zilipokuwa ngumu kupatikana mwaka 2023 na 2024, ujumbe mmoja wa bei itapanda kesho uliweza kumfanya mtu afunge mtaji wake wote kwenye bidhaa moja. Shilingi ilipoimarika mwishoni mwa 2024, aliyelundika dola au mzigo wa dola ghali alijikuta peke yake.

Dawa ni kupima neno la kundi kwa chanzo chenye jina. Benki Kuu hutoa viwango vya kubadilisha fedha kila siku ya kazi. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Habari isiyotaja nani kasema na lini ichukuliwe kama kelele za sokoni, isinunuliwe.

Kodi nayo ina macho. Ukurasa wenye wafuasi wengi na picha za mizigo inayosafirishwa ni tangazo kwa mteja, na ni taarifa kwa Mamlaka ya Mapato vilevile. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya watengeneza maudhui mtandaoni, na mwaka 2025 TRA iliwataka wanaofanya biashara mitandaoni wajisajili. Winga anayedhani kuwa kukosa fremu ni kukosa kodi anajidanganya. Aidha, wale wanaotundika picha za miamala ya wateja kuonyesha kuwa wanaaminika wakumbuke kuwa jina na namba ya mteja ni taarifa zake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023. Mwombe ruhusa, au ufiche jina.

Mwenye nyumba usiyemjua

Suala la mwisho ni zito kuliko yote. Mfanyabiashara wa Kariakoo anajua maana ya kupanga fremu. Anajua mwenye nyumba akibadili mawazo, mpangaji hubeba mzigo. Kwa hiyo hudai mkataba.

Ukurasa wa mtandao nao ni fremu ya kupanga, isipokuwa mwenye nyumba yuko Marekani au China na hujawahi kumwona. Facebook iliinunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014. Basi zote tatu zilipozimika duniani kote kwa saa kadhaa Oktoba 4, 2021, aliyedhani ana milango mitatu aligundua ana mmoja. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ikawa taabu nchini na kwa majirani. Mei 2025 mtandao wa X ulifungiwa Tanzania. Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini na kurejea baada ya siku kadhaa.

Katika siku kama hizo, mwenye orodha ya wateja ndani ya ukurasa tu hana orodha. Mwenye madeni yaliyoandikwa kwenye mazungumzo ya WhatsApp tu hana pa kuyasoma akipoteza simu. Mwenye daftari lenye majina, namba na kiasi anaweza kupiga simu ya kawaida, kutuma meseji ya kawaida na kuendelea kukusanya chake. Usiache mbachao kwa msala upitao. Hilo halimaanishi msala ni mbaya. Linamaanisha usitupe mkeka wako kwa sababu msala umepita.

Mfanyabiashara afanyeje?

Kwa msomaji anayetaka kuanza wiki ijayo, hatua ni chache na hazina gharama kubwa.

Kwanza, tenganisha simu ya biashara na ya mambo binafsi. Simu ya dukani isiwe na michezo wala video.

Pili, mteja aliye mbele yako ahudumiwe kwanza. Aliye kwenye simu anaweza kusubiri dakika 10, aliye mlangoni hasubiri hata 2. Mkiwa wawili dukani, mmoja awe wa simu na mwingine wa kaunta, mpeane zamu.

Tatu, kwenye daftari la mauzo ongeza safu moja: ametoka wapi. Andika dukani, simu, au winga. Baada ya miezi 3 utajua ukweli ambao idadi ya wafuasi haiwezi kukuambia.

Nne, kila Jumamosi nakili namba za wateja wapya na madeni yote kwenye daftari la karatasi, ulitunze nyumbani, si dukani. Moto wa 2021 ulifundisha sababu.

Tano, usitangaze kwa kulipia hadi ujue faida ya kila kipande. Tangazo kwa bidhaa isiyokulipa huongeza kasi ya hasara.

Jioni ya siku ile mwandishi alipita tena Mtaa wa Kongo. Muuzaji wa magauni alikuwa anafunga duka, simu ikiwa kwenye chaji. Duka la pili, alikonunua yule mteja wa mkoani, bado lilikuwa wazi. Mwenye duka alikuwa ameketi juu ya kigoda na daftari magotini, anaandika. Pembeni, simu yake iliita ujumbe mara tatu. Alimaliza mstari wake kwanza, kisha akaichukua.